Kanda Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Maji yameingia stoo ya kanda. Nimefika kazini nimemkuta Fundi mitambo amekunja suruali hadi magotini, anapokezana ndoo na mfagiaji, na rafu za chini zote zimelowa. Miaka kumi na moja nimekuwa mtunza kanda wa redio hii, na miaka kumi na moja nimeandika barua kuhusu ukuta ule. Mkuu wa Muziki alishuka mpaka ngazi ya tatu kutoka chini, akasimama hapo na viatu vyake vinavyong'aa, akasema, "Poleni sana," kisha akapanda.

Chumba pekee kikavu kiko ghorofa ya pili, kile kilichokuwa cha mashine za taipu. Nimekipima kwa hatua. Kitachukua theluthi moja ya kanda zetu, tena tukizibana.

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao. Mkuu ameamua: kila utunzi ubaki na mpigaji mmoja tu. Kanda zitakazokataliwa zitapitishwa kwenye mashine ya sumaku, zifutwe, wapewe watu wa habari, ambao hawajapata kanda mpya kwa miaka miwili na wanarekodi hotuba juu ya hotuba.

"Nani atachagua?" nikauliza.

"Mimi na wewe. Na Mtangazaji wa kipindi cha Jumapili, tuwe watatu, kura zisigongane."

Mtangazaji ana sauti ya asali na masikio ya pamba, lakini sikusema.

Tutaanza na mtunzi ambaye tuna kanda zake nyingi kuliko za wengine wote. Alikufa miaka mia mbili iliyopita, huko kwao ng'ambo, na baba yangu humwita Bwana Mkubwa, utadhani walikua mtaa mmoja. Sonata yake ya mwisho, utunzi mrefu wa piano, tunayo mara nne. Watatu ni wapiga piano ambao dunia nzima inawajua. Wa nne ni baba.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike vizuri, maana jana nilikimbilia usingizi. Baba aliirekodi sonata ile katika studio yetu nilipokuwa shule ya bweni, nina miaka kumi na miwili. Ilirushwa mara moja. Yeye mwenyewe hakuisikia. Anasema aliona haya, akatoka kutembea mpaka ikaisha. Aliamini amekosea noti moja sehemu ya pili, ile ya polepole, karibu na mwisho. Nilipoajiriwa hapa akaniapisha nisije nikaisikiliza bila yeye. "Siku nikipata moyo," alisema, "tutaisikiliza pamoja."

Hakuupata. Desemba iliyopita kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukafa, na kumbukumbu ikawa chekecheke: ya zamani yamebaki, ya jana yanapita. Sasa moyo ameupata. Kila asubuhi ananiuliza, "Ile kanda yangu, mama, umeileta?" Ananiita mama tangu nilipozaliwa.

Anataka kujua kama alikosea. Hana kitu kingine anachokitaka.

Kanda yenyewe ni ya zile kubwa, haichezi kwenye redio ya nyumbani. Lazima Fundi ainakili kwenye kaseti, na mashine iliyo nzima ni moja, na Mkuu ameitenga kwa kazi ya uteuzi mpaka tumalize. Ningeweza kuomba nusu saa. Sikuomba. Nataka baba abaki kwa haki, asibaki kwa kuhurumiwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu anapenda majina makubwa. Akishaona jina la mgeni mwenye medali, masikio yake yanakwenda likizo. Basi leo nimetoa pendekezo, na nimejipongeza njia nzima kurudi nyumbani: tusikilize bila kujua nani ni nani. Fundi atazipa kanda namba. Orodha ya majina ataitia kwenye bahasha na kuibandika gundi, na bahasha haitafunguliwa mpaka utunzi wa mwisho upigiwe kura, ili mtu asije akageuza kauli.

"Na wewe," nikamwambia Fundi mbele yao, "usiseme neno, hata tukikupigia magoti."

"Hata mkinipigia magoti," akasema. Ni mtu wa neno lake, ndiyo maana tulimchagua.

Siri ni yangu mwenyewe. Wao watasikia namba. Mimi nitamsikia baba. Utoto wangu wote nimemsikia kupitia ukuta wa sebuleni. Nitamjua hata akipiga kwa viwiko.

Jumatano, 12 Machi

Baba ameuliza mara tatu kama mvua zimeanza. Dirisha lilikuwa linatiririka maji mbele ya macho yake.

Ijumaa, 14 Machi

Leo tumefanya vipande vifupi, vile ambavyo Bwana Mkubwa alimtungia binti wa rafiki yake. Wapigaji watano wanavyo. Mmoja anapiga kama mtu anayekunja mashuka, kona kwa kona, hakuna mkunjo. Mwingine anamwaga sukari mpaka unatafuta maji. Yule niliyempenda aliacha kila noti ife kifo chake kabla ya kuanza nyingine. Mkuu naye akamchagua huyo huyo. Nilishtuka kidogo. Mtangazaji alisema vyote ni vizuri.

Jumatano, 19 Machi

Leo ndiyo ilikuwa siku. Saa tatu asubuhi tuliketi studio ndogo, viti vitatu vikiutazama ukuta, Fundi nyuma ya kioo. Sikuweza kunywa chai.

Namba moja: mkubwa, msafi, anajua kila kitu. Anakueleza sonata, hakupigii. Nilijua si baba kabla ya dakika kuisha.

Namba mbili. Akaanza, na nywele zikanisimama. Polepole, polepole kuliko inavyoruhusiwa, kila noti ya mkono wa kushoto inafika ikiwa imechelewa kidogo, imekomaa. Kabla ya kushuka kwenye besi anangoja. Huo ungojaji naujua. Nimeungoja kitandani nina miaka saba, nimebana pumzi. Sehemu ya pili nililia, nikajifanya napenga kamasi. Na hapakuwa na kosa lolote, si karibu na mwisho wala popote. Nilitaka niinuke nikakimbie nyumbani nikamwambie.

Namba tatu: kasi. Vidole vya ajabu, moyo uko kwenye saa yake.

Namba nne. Hapa niseme ukweli, maana humu daftarini hakuna wa kumdanganya. Sehemu ya kwanza nilimsikiliza. Huyu naye alikuwa na haraka, haraka ya mtu anayetazama mlango. Sehemu ya pili nilikuwa nimeinamia karatasi, naandika hoja za kumtetea namba mbili. Maoni yangu rasmi, ambayo yamo kwenye faili, ni haya: "Vidole vipo, mtu hayupo. Anapiga kama mgeni katika nyumba ya watu, anaogopa kuvunja vyombo. Afutwe."

Tukapiga kura. Mkuu akavua miwani, akasema, "Mimi namtaka wa nne."

"Wa nne?" Nikacheka kwa sauti. "Mkuu, huyo anatetemeka."

"Ndiyo. Anatetemeka na bado anaendelea. Anasikika kama mtu aliyepewa nafasi hii mara moja tu maishani."

"Sisi hatuhifadhi woga wa watu. Tunahifadhi muziki."

Nikazungumza robo saa. Sijawahi kuzungumza vile mahali pale. Nilieleza ule ungojaji kabla ya besi, nilieleza jinsi namba mbili anavyouacha ukimya ufanye kazi, na jinsi huyu wa nne asivyouamini. Mtangazaji, ambaye alikuwa katikati kama kawaida yake, akageuka akanifuata. Wawili kwa mmoja. Mkuu akaandika, akafunga kalamu, akasema, "Umenishinda kwa maneno, dada. Kwa masikio bado."

Tulipokuwa tunatoka Fundi akaniwahi mlangoni. "Mama, wa nne, una hakika?"

"Umekatazwa kusema."

"Nimeuliza tu."

"Hata kuuliza."

Ijumaa, 21 Machi

Fundi alikuja ofisini kwangu na toroli lake. "Zilizokataliwa wiki hii, nifute zote?"

"Zote."

Akasimama pale pale, anapangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Nikamwuliza kama anasubiri barua ya mwaliko. Akaenda. Mvua kubwa jioni.

Jumamosi, 22 Machi

Sikuweza kuvumilia. Nimemwambia baba. Kiapo nimekivunja, lakini kazi ni kazi, na habari ilikuwa njema.

"Tumekusikiliza, baba. Tulikuwa watatu, bila kujua majina. Umewashinda wote, hata wale wakubwa."

Upande mmoja wa uso wake haucheki tena, ukacheka ule mwingine. "Na ile noti?"

"Hukukosea. Hakuna noti uliyokosea."

Akalia. Mdogo wangu, anayemwangalia mchana nikiwa kazini, akaja kutoka jikoni akidhani ameanguka.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi ameuliza, "Ile kanda yangu, mama, umeileta?" Amesahau kila kitu. Nikamwambia tena, kuanzia mwanzo, na akalia tena, na akauliza kuhusu noti, na nikamjibu. Nilidhani kusahau ni laana tu. Leo nimemwona mtu akishinda kitu kimoja mara mbili.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemwambia mara kumi sasa. Kila siku anafurahi upya. Mdogo wangu anasema nimekuwa mlevi wa furaha yake.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Mkuu ameteleza kwenye ngazi ya stoo na viatu vyake. Nilifurahi, kisha nikajionea aibu.

Jumatano, 16 Aprili

Fundi ananikwepa. Nikiingia kantini anachukua kikombe chake anatoka. Nimemwuliza mfagiaji nimemkosea nini. Hajui.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo tulimaliza. Utunzi wa mwisho ulipigiwa kura saa nne, na Mkuu akamwomba Fundi alete bahasha. Fundi aliileta akaiweka mezani, akasema anaomba atoke. Mkuu akamwambia akae.

Nilijitolea kusoma. Nilikuwa nimevaa gauni langu la buluu. Nilitaka niwe mimi nitakayetaja jina la baba mbele yao, na nilikuwa nimeshaandaa uso wa mtu anayeshangaa.

Sonata ya mwisho. Namba moja, fulani. Namba mbili, nikasoma jina la mtu wa ng'ambo, mwenye medali, ambaye picha yake iko ukutani kwa Mkuu. Nikadhani nimeruka mstari. Nikarudi juu. Namba tatu nikasoma. Namba nne nikaona jina la baba yangu kwa mwandiko wa Fundi, herufi kubwa, limepigiwa mstari chini.

Sikumbuki nilifanya nini. Mtangazaji anasema niliiweka karatasi mezani na kuinyoosha kwa kiganja, tena na tena.

"Imefutwa?" hatimaye nikamwuliza Fundi.

"Ijumaa ile ile, mama. Watu wa habari wakaichukua Jumatatu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Ulisema hata ukinipigia magoti."

Nilisema hivyo, ndiyo. Nilisema na mengine mengi.

Mkuu akawatoa wote akafunga mlango. Nilingoja anicheke, mimi ningemcheka. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akasema, "Sikujua ni mzee wako. Ningejua, ningepiga kelele zaidi." Miaka kumi na moja nimemdharau mtu huyu kwa sababu ya viatu vyake. Yeye alimsikia baba yangu, na mimi sikumsikia.

Jumamosi, 26 Aprili

Baba ameuliza. Nimejifanya sikusikia, nikaenda kuanika nguo, na mvua inanyesha.

Jumapili, 27 Aprili

Mdogo wangu ameona. Nimemweleza yote jikoni. Likamtoka: "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Papo hapo akaziba mdomo, akanishika mkono, "Nisamehe dada, sikukusudia." Alikusudia, na hakukosea.

Jumatatu, 28 Aprili

Sikwenda kazini. Baba alipolala mchana nilifungua piano ya sebuleni. Nilijua kuwa ni mbovu, sote tunajua, lakini sijawahi kuigusa kwa kuiuliza swali. Unyevu umevimbisha mbao. Ukibonyeza ufunguo wa besi unashuka kwa shida, na ukiuachia haurudi. Unapanda taratibu, na usipoungoja noti ya pili haitoki. Ni hivyo tangu utotoni mwangu, maana ilinunuliwa ikiwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo ule ungojaji haukuwa wa baba. Ulikuwa wa piano. Alikuwa anangoja ufunguo upande. Mimi upande wa pili wa ukuta niliona ni hekima, nikaijengea maisha yangu yote, nikaenda nayo kazini, nikampimia nayo mwenyewe. Siku moja tu alikalia piano nzima, ya studio, yenye funguo zinazorudi, na akapiga alivyotaka kupiga, na alikuwa na haraka, na alikuwa anaogopa, na alikuwa baba yangu. Mimi nikaandika afutwe.

Nimekaa pale mpaka mdogo wangu akaja kufunga kifuniko.

Jumanne, 29 Aprili

Ameuliza.

Jumatano, 30 Aprili

Ameuliza. Ningeweza kuendelea kumpa ule ushindi, ni rahisi, maneno nayajua kwa moyo. Mdogo wangu anasema nimpe, kwani napungukiwa nini? Lakini sasa kila nikifungua kinywa namsikia yule wa ng'ambo. Nitakuwa nampa baba kilio cha mtu mwingine.

Alhamisi, 1 Mei

Nimemwambia.

Nilipiga moyo konde, nikamwogesha, nikamvalisha, nikamkalisha kwenye kiti cha dirishani. Alipouliza nikapiga magoti mbele yake. Nikamweleza kuhusu maji, kuhusu bahasha, kuhusu namba. Nikamweleza kwamba nilimpenda mtu mwingine nikidhani ni yeye. Alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wake wa piano.

"Kwa hiyo haipo."

"Haipo, baba."

"Uliandika nini? Juu yangu."

Ningeweza kudanganya hapa. Nikamsomea, maana nilikuwa nimeinakili. Nilipofika "mgeni katika nyumba ya watu" akatikisa kichwa mara moja, kukubali. Nilipofika "afutwe" akasema, "Mh."

Mvua ilikuwa imesimama, matone yanadondoka kutoka paani.

"Na ile noti?" akasema.

"Baba?"

"Sehemu ya pili. Karibu na mwisho. Uliisikia wewe. Nilikosea?"

Watu watatu tu duniani waliisikia kanda ile mwaka huu, wanne na Fundi. Mtangazaji nilishamwuliza, hakumbuki kitu. Fundi alikuwa anatazama mshale wa kipimo cha sauti, hakuwa anasikiliza noti. Mkuu aliniambia, pole sana, haijui sonata hiyo kwa kiasi hicho. Mtu pekee ambaye angejua ni mimi, ninayeijua noti kwa noti.

"Sijui," nikasema. "Sehemu ya pili sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naandika."

Hakulia. Ningeshukuru angelia. Aliuinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka vizuri mapajani, akatazama nje. Mchana hakula. Jioni hakula. Mdogo wangu hajanisemesha tangu asubuhi, na sidhani ni hasira.

Ijumaa, 2 Mei

Nimempelekea chai. Amenitazama vizuri kabisa, uso umepumzika, macho yamejaa matumaini.

"Ile kanda yangu, mama, umeileta?"

Nimeshika chuma cha kitanda. Yote ya jana yameondoka kwake. Kwangu hayajaondoka hata neno moja. Sina nguvu ya kumwua mara ya pili.

"Kesho, baba."

"Kesho vizuri," akasema. "Kesho nitakuwa tayari."

Jumamosi, 3 Mei

Kesho.

Jumapili, 4 Mei

Kesho.

Jumatatu, 5 Mei

Nimerudi kazini. Chumba cha ghorofa ya pili kimepangika, kikavu, kila utunzi na mpigaji wake. Fundi ameniletea kaseti ya namba mbili, amenakili bila kuambiwa na mtu. "Labda mzee atapenda," akasema, hanitazami. Nimeitia kwenye droo. Asubuhi nilishasema kesho.

Jumatano, 14 Mei

Siku kumi na tatu za kesho. Nimeanza kuzisema kabla hajamaliza swali.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua zimekatika. Jua, na watu wote wameanika magodoro.

Jumanne, 20 Mei

Leo hakuuliza. Nilimpa chai, nikamfunga vifungo, nikachana nywele zake, neno langu liko tayari mdomoni. Akazungumzia jua. Nikapanga mito. Nikakunja blanketi ambalo lilikuwa limekunjwa. Nilikuwa nimechelewa kazini na bado nimesimama.

"Baba," nikasema, "hujaniuliza habari ya kanda yako."

Akanigeukia kwa upole.

"Kanda gani, mama?"

Nikamwambia si kitu, anywe chai kabla haijapoa.